Kuandaa na Kusimamia Safari ya Vijana wa Tuzo Katika Mikoa ya Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya walimu, viongozi wa skauti na waongozaji wanaowaandaa vijana kwa Safari ya Kijasiri, ambayo ni mojawapo ya sehemu za Tuzo ya Kimataifa ya Duke of Edinburgh. Tuzo hii ilianzishwa Uingereza mwaka 1956, na jirani zetu wa Kenya wanaiendesha kwa jina la Tuzo ya Rais. Kijana anaweza kuanza ngazi ya Shaba akiwa na miaka 14, Fedha akiwa na 15 na Dhahabu akiwa na 16, na anatakiwa awe amemaliza kabla ya kutimiza miaka 25. Sehemu nyingine, yaani huduma kwa jamii, stadi na mazoezi ya mwili, hufanyika kidogo kidogo kwa wiki nyingi karibu na nyumbani. Safari ndiyo inayomlaza kijana porini pamoja na wenzake, na ndiyo inayomkosesha mzazi usingizi, kwa hiyo inastahili maandalizi ya kina kuliko sehemu nyingine zote.

Jambo ninalotaka mwongozaji alishike tangu mwanzo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake inapaswa kuwa imekwisha kabla vijana hawajavaa mashanta. Wakishaondoka, wao ndio watakaosoma ramani, watakaopika na watakaoamua wapumzike wapi, naye atakuwa nyuma yao kwa umbali, akijua walipo bila kuwaamulia. Kwa mikoa yetu ya kusini ninaongeza jambo la pili: maji na jua ndivyo vinavyochora njia, na hesabu ya kilomita hufuata baadaye.

Hatua ya kwanza: Kuyajua masharti na kuchagua lengo

Hakikisha kwanza kwamba shule au taasisi yako ina idhini ya kuendesha Tuzo, kwa sababu safari iliyofanywa nje ya utaratibu huo haitahesabiwa hata ingekuwa nzuri namna gani. Kisha wasomee vijana masharti yenyewe, nao wayaandike kwenye madaftari yao. Kikosi kiwe na vijana 4 hadi 7. Ngazi ya Shaba hudai siku 2 na usiku 1, Fedha siku 3 na usiku 2, na Dhahabu siku 4 na usiku 3. Kila siku ya safari lazima iwe na saa za juhudi zinazoelekea kwenye lengo la safari: saa 6 kwa Shaba, 7 kwa Fedha na 8 kwa Dhahabu, na humo hauhesabiwi muda wa kulala, kupika wala kula. Safari ya kufuzu, yaani ile inayotathminiwa, hufanyika mahali ambapo vijana hawajapazoea, na kabla yake lazima wawe wamepata mafunzo na kufanya angalau safari moja ya majaribio.

Sharti la kusafiri kwa nguvu zao wenyewe, bila chombo cha injini, linahitaji kusisitizwa huku kwetu, kwa sababu bodaboda zimefika kila kijiji na dereva mwenye huruma akiwaona watoto wanahema chini ya mizigo atajitolea kuwasogezea mabegi hadi kijiji kinachofuata. Waambie mapema kwamba begi likipanda pikipiki safari ya kufuzu inakuwa imevunjika, na wafundishe jinsi ya kukataa kwa heshima. Pikipiki ni ya mwongozaji pekee, tena kwa ajili ya dharura.

Lengo la safari lichaguliwe na vijana wenyewe. Hapa waongozaji wengi huharakisha na kuandika "kufurahia mandhari", jambo ambalo halimsaidii kijana kuamua afanye nini saa sita mchana akiwa amechoka. Lengo zuri linaweza kujibiwa kwa macho, masikio na daftari. Kikosi kinaweza kuchunguza jinsi vijiji vya uwanda wa Makonde vinavyopata maji, au kulinganisha mikoko iliyokatwa na isiyokatwa katika ghuba ya Mikindani, au kuwahoji wakulima wa mwani kuhusu kazi yao. Faida yake kwa ratiba ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mahojiano na mzee chini ya mwembe ni sehemu ya saa za juhudi, ilimradi yanahusu lengo, na hivyo kikosi kinaweza kutimiza saa 8 za Dhahabu bila kutembea wakati jua linapochoma.

Hatua ya pili: Kuchagua majira

Kusini mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Likizo ya Desemba kwa hiyo haifai: mito midogo hujaa ghafla, barabara za vumbi hugeuka tope na gari la dharura haliwezi kufika. Likizo ya katikati ya mwaka, mwezi Juni na Julai, ndiyo bora. Pepo za kusi hupunguza joto, anga huwa wazi, na visima bado vina maji ya masika yaliyopita. Kuanzia Agosti na kuendelea nyasi hukauka zaidi na mioto ya nyika huongezeka, na kadiri Oktoba inavyokaribia ndivyo vyanzo vya maji vinavyopungua.

Likizo hiyo ya Juni, hata hivyo, ina mambo mawili ya hapa kwetu ambayo miongozo ya nje haiyataji. La kwanza ni jando na unyago. Familia nyingi hufanya shughuli hizi wakati shule zimefungwa, na kijana anaweza kuhitajika nyumbani, kama si kwa ajili yake basi kwa ajili ya mdogo wake. Zungumza na wazazi tangu Machi ili tarehe zisigongane, maana mzazi akilazimika kuchagua, safari ndiyo itakayoachwa. La pili ni salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Huu ndio msimu wa kupulizia mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri wakati hewa imetulia, saa zile zile ambazo kikosi kinataka kuwa njiani. Unga wa salfa huwasha macho na kukereketa kifuani, na kwa kijana mwenye pumu ni hatari ya kweli. Kila jioni kikosi kiulize kijijini ni mashamba ya upande gani yatapuliziwa kesho yake, kisha kibadilishe njia au kichelewe kuondoka. Mahema yasisimamishwe chini ya mikorosho iliyotoka kupuliziwa.

Hatua ya tatu: Kuchagua eneo kulingana na ngazi

Kwa Shaba, ningeanzia ukanda wa Mikindani. Ni karibu na mji wa Mtwara, hospitali haziko mbali, mtandao wa simu unapatikana, na mambo ya kuchunguza ni mengi: mji mkongwe wa Waswahili, boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na bandari ambayo David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Vijana wa Mtwara mjini, ambao wamepazoea, wapelekwe kwingine, kwa mfano ng'ambo ya Lindi upande wa Kitunda. Popote ambapo njia inapita ufukweni, ratiba ifuate maji ya bahari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hufika kama mita 3, na njia ya mchanga iliyokuwa pana asubuhi huweza kumezwa yote kufikia mchana. Wavuvi wa eneo husika wanajua ni saa ngapi mtu asionekane kwenye kivuko fulani, na swali kwao ni la lazima hata kama kikosi kina jedwali la kupwa na kujaa.

Kwa Fedha, uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi unafaa sana. Usiku wa Juni una baridi ambayo mtoto wa pwani haitarajii, kwa hiyo sweta si pambo. Rondo ina msitu wa asili wenye viumbe wasiopatikana kwingi, akiwemo komba mdogo ambaye wanasayansi walimtambua rasmi katika miaka ya 1990 na kumpa jina la uwanda huo. Yuko katika hatari ya kutoweka, na hutambulika kwa mlio wake kuliko kwa sura. Kikosi kilichoweka lengo la kusikiliza na kuandika milio ya usiku kitapata kazi ya kutosha bila kugusa mnyama yeyote. Vilima vya mawe vya Masasi pia ni vizuri, ila nyuki hupenda kukaa kwenye nyufa za miamba, na mwongozaji azuie kabisa kelele, moshi na manukato makali karibu na kuta za mawe.

Kwa Dhahabu kuna njia ambayo kwangu haina mfano wake kusini: kutoka Tendaguru hadi Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, jumba la makumbusho la Berlin lilichimbua hapo mabaki ya dinosaria, wanyama wakubwa wa kale, kwanza chini ya uongozi wa Werner Janensch na Edwin Hennig. Kiunzi cha mifupa cha mmoja wao, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kimesimamishwa Berlin hadi leo. Wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wa huku, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake kila kijana wa Lindi angepaswa kulijua. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, mwendo wa kama siku 4, yaani siku zile zile ambazo Dhahabu inazidai. Kijana anayebeba begi lake kwenye njia hiyo, akiuliza katika kila kijiji ni nini kinachokumbukwa kuhusu mababu waliobeba mifupa, anafanya uchunguzi wenye uzito. Lakini eneo lenyewe ni pweke, maji ni ya kutafuta, na wanyama wakali hawajatoweka, kwa hiyo kusiwe na kikosi kinachoingia huko bila kuwa na mwenyeji anayeaminiwa na serikali ya kijiji, na bila mwongozaji kuipita njia yote yeye mwenyewe kwanza. Mabaki yoyote ya kale yatakayoonekana ardhini yapigwe picha na kuachwa pale pale, kwa kuwa yanalindwa na sheria za nchi.

Maeneo ya kuepuka ni kingo za mto Ruvuma. Tangu mwaka 2017 kumekuwa na machafuko katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, na mpaka si mahali pa kupitisha watoto wenye mashanta na ramani. Mapori ya Liwale na Lukwika yana tembo na simba, na hayafai kwa safari ya miguu ya vijana wasio na askari wa wanyamapori.

Hatua ya nne: Ruhusa na ridhaa

Andika barua kwa kila kijiji kitakachopitwa na kila kitakacholaza kikosi, kupitia kwa mtendaji wa kata, kisha uende mwenyewe ukaonane na mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Barua hufungua faili, lakini ni uso wa mtu unaokumbukwa usiku mtoto anapougua. Nakala ya barua iliyogongwa muhuri ibebwe na kikosi. Kituo cha polisi cha karibu kipewe majina na njia. Kwa Rondo na misitu mingine ya hifadhi, ruhusa hutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwa Msimbati na fukwe zake, hutoka kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na huko pia kikosi kiishie mbali na mdomo wa mto.

Mzazi asipewe fomu ya kusaini tu. Mwite shuleni, mwonyeshe ramani, mwoneshe mahali mtoto atakapolala kila usiku, na mweleze kwa uwazi kwamba kutakuwa na saa kadhaa za mchana ambazo mwongozaji hatamwona mtoto kwa macho. Akikataa baada ya kulisikia hilo, amekataa kwa haki yake, na ni bora akatae sasa. Katika fomu iandikwe pumu, kifafa, sikoseli, mzio wa chakula au wa nyuki, na dawa anazotumia. Kikosi chenye wasichana kisimamiwe na angalau mtu mzima mmoja wa kike, mahema ya wasichana na ya wavulana yatengwe, na hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kukaa faraghani na kijana mmoja. Pedi ziwekwe katika orodha ya vifaa vya kikosi bila kusubiri msichana aombe.

Hatua ya tano: Mafunzo ya ramani na mwendo

Tumia ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Nyingi ni za zamani, na vijiji vingi vya kusini vilihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, kwa hiyo njia ya miguu iliyochorwa huenda imemezwa na shamba la mikorosho. Milima, mabonde na mito haijahama. Fundisha vijana kuamini kwanza mistari ya kontua, yaani ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, na alama za nyumba na njia baadaye.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji vifaa vya gharama. Kila kijana hupewa kipande cha uzi wa kushonea, akaulaza juu ya njia waliyoichagua, akifuata kila kona kwa ncha ya kalamu. Kisha huunyoosha kando ya rula. Uzi wa sentimita 26 ni kilomita 13. Baada ya hapo hugawanya kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, ambao ndio mwendo halisi wa kijana mwenye mzigo kwenye mchanga na vichaka, na kuongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Wengi hushtuka wakiona kwamba kilomita 13 za kupandisha uwanda wa juu zinakula karibu saa 5 bila mapumziko, na mshtuko huo huwafundisha unyenyekevu mbele ya ramani kuliko hotuba yoyote ya mwalimu.

Dira ifundishwe uwanjani, kisha kwenye mashamba ya mikorosho, kwa sababu huko mistari ya miti hufanana kila upande na mtu hupotea bila kujua. Tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani isomwe pembezoni mwa ramani yenyewe, ikizingatiwa kwamba hubadilika kadiri miaka inavyopita. Simu yenye ramani ni msaada mzuri, ila ibaki imezimwa ndani ya mfuko usiopenyeza maji, ili iwe na chaji saa itakapohitajika.

Hatua ya sita: Maji, mzigo na chakula

Uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, una udongo unaofyonza mvua hadi chini sana, hivyo juu hakuna mito. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni alfajiri na kupanda na mitungi, na chemchemi zinazotoka chini ya uwanda, kama zile za upande wa Ndanda, ndizo zilizowavuta watu kukaa pale. Kikosi kinachopanga njia kama ilivyo desturi mahali penye vijito vingi kitaishiwa maji juu ya uwanda huu. Kwa kila kituo cha kulala na cha mchana, mwongozaji awe ameona chanzo cha maji kwa macho yake ndani ya wiki mbili kabla ya safari, akauliza pia kama pampu inafanya kazi, nani ana ufunguo, na dumu moja linauzwa shilingi ngapi.

Hesabu ni hii. Kijana anayetembea siku nzima anahitaji lita 3 hadi 4 za kunywa, na kikosi kinahitaji zaidi kwa kupikia. Lita 1 ina uzito wa kilo 1. Begi lisizidi robo ya uzito wa mwili wa anayelibeba, kwa hiyo msichana wa kilo 48 asibebe zaidi ya kilo 12. Akianza siku na lita 4, amebakiwa na kilo 8 kwa sehemu yake ya hema, chandarua, shuka, nguo, chakula na sufuria. Begi lipimwe kwa mizani, kama ile inayopimia korosho kwenye chama cha msingi, na kila kinachozidi kitolewe mbele ya wote. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, na maji yakae panapofikika bila kufungua begi zima. Maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama wenyeji huyanywa hivyo hivyo.

Chakula kiwe kile kinacholiwa nyumbani. Unga wa sembe, mchele, dagaa wakavu, choroko zilizolowekwa tangu asubuhi ndani ya chupa, karanga na korosho za kutafuna njiani vinatosha, na ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) iliyochemshwa hununuliwa vijijini kwa bei ndogo. Jiko dogo la gesi ni bora kuliko mafiga, kwa kuwa katika Julai cheche moja kwenye nyasi kavu inaweza kuunguza mashamba ya kijiji kilichowakaribisha.

Hatua ya saba: Hatari za njiani na jinsi ya kuzikabili

Joto ndilo linalowaangusha vijana wengi. Juni jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, hivyo mwanga si mrefu. Kikosi kitembee kuanzia mapambazuko hadi saa 4 na nusu, kipumzike na kufanya uchunguzi wake kivulini, kisha kimalizie kuanzia saa 9 hadi saa 11. Kijana anayeumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu akae kivulini, alegezwe nguo, apepewe na kunyweshwa maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini. Akianza kuongea ovyo au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura ya hospitali. Amwagiwe maji mwilini na kupepewa wakati usafiri unatafutwa, na asinyweshwe chochote.

Upupu hukomaa msimu huu, na vinyweleo vyake vya rangi ya kahawia huruka kwa upepo mdogo tu. Mikono mirefu na suruali ndefu ni kinga. Aliyeguswa asijikune wala kusugua. Vinyweleo vibanduliwe kwa utepe wa gundi, kisha nguo zibadilishwe.

Kwa nyoka, viatu vilivyofunika kifundo, fimbo ya kupapasia njia na tochi usiku huzuia ajali nyingi. Akitokea kung'atwa, mtoto alazwe, atulizwe, na kiungo kilichoumwa kifungwe gango ili kisitikisike, pete na saa zikivuliwa kabla ya uvimbe. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, na kamba isifungwe kwa kukaza. Apelekwe hospitali akiwa amebebwa, bila kutembea. Mwongozaji awe anajua kabla ya safari ni hospitali ipi iliyo karibu na kila sehemu ya njia: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Nyangao na Ndanda kwa wanaopita barabara ya Masasi, na Mkomaindo kwa Masasi yenyewe. Apige simu kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo wakati huo. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ile ya msaada kwa mtoto ni 116. Vijana wazikariri zote mbili.

Malaria haitaonekana ndani ya siku za safari, ila huweza kujitokeza wiki moja au mbili baadaye. Chandarua ni lazima kila usiku, na mzazi aambiwe kwamba homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya safari ipimwe mara moja.

Hatua ya nane: Safari ya majaribio

Safari hii iige ile ya kufuzu kwa hali ya ardhi na kwa namna ya kusafiri. Siku ya kwanza mwongozaji atembee na kikosi. Kuanzia katikati ya siku ya pili ajitenge, mwanzoni kwa mita mia chache, kisha awatangulie hadi kituo cha kuonana. Ni wakati huu ambapo atajua kama yupo kijana anayewaamulia wengine kila kitu, au anayenyamaza ilhali kiatu kimemchubua hadi damu. Zamu ya kuongoza ramani ibadilike kila saa ili kila mmoja aonekane.

Adabu ya kuomba maji au njia nayo ifanyiwe mazoezi, kwa kuwa ndiyo usalama wa kikosi vijijini. Vijana wapige hodi wakiwa nje ya uwanja wa nyumba, mashanta yakiwa chini, na msemaji awe mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mbona na mizigo hivyo, mnatoka wapi?"

"Tunatoka Mikindani, bibi. Sisi ni wanafunzi, tunatembea kwa miguu kujifunza. Mwenyekiti wa kijiji ana taarifa zetu. Tunaomba kuuliza kisima kiko upande gani."

Jibu kamili la namna hiyo, lenye watokako, shughuli yao na jina la anayewajua, humwondolea mzee mashaka yote. Kikosi kinachouliza njia kwa kelele kutoka barabarani hujibiwa kwa ufupi, tena wakati mwingine huelekezwa njia ya gari, ambayo ni ndefu maradufu.

Hatua ya tisa: Usimamizi siku za kufuzu

Mpango wa njia uwe na nakala tatu: ya kikosi, ya mwongozaji na ya shule. Kila kipande cha njia kiandikiwe mahali pa kuanzia, uelekeo, umbali, muda, chanzo cha maji, na njia ya kutokea kwenye barabara ya gari iwapo mambo yataharibika. Vituo vya kuonana viwe viwili hadi vitatu kwa siku. Kikosi kibebe simu mbili za mitandao tofauti na filimbi kwa kila mmoja, na ramani ionyeshe sehemu zisizo na mtandao, ambazo mwongozaji alizipima alipoipita njia.

Kwenye kituo, mwongozaji awatazame zaidi ya kuwauliza. Aangalie wanavyokaa, midomo kama imekauka, chupa zimebaki na maji kiasi gani, na nani hajavua kiatu. Wakiwa wamekosea njia lakini wako salama, awaache wagundue wenyewe. Kuwarudisha mapema ni kuwanyang'anya sehemu muhimu ya Tuzo yao. Kosa likielekea mtoni, ufukweni wakati maji yanajaa, au porini jua likiwa linazama, aingilie bila kusita, na tathmini ya safari ifikiriwe baadaye. Kikosi kikichelewa kwa saa moja bila taarifa, mwongozaji aanze kuwafuata kuanzia kituo cha mwisho walipoonekana, huku msaidizi wake akibaki pale walipotarajiwa. Zikipita saa mbili, mwenyekiti wa kijiji na polisi wajulishwe.

Kambini, mashimo ya haja yachimbwe kwa kina cha sentimita 20, hatua zisizopungua 70 kutoka kwenye maji, na yafukiwe. Takataka zote zibebwe hadi mwisho wa safari. Wanaosali wapewe nafasi yao bila kuomba ruhusa kila mara.

Hatua ya kumi: Mtathmini na taarifa

Mtathmini awe mtu tofauti na mwongozaji, na kwa Dhahabu asiwe ameshiriki kabisa katika kuwafundisha vijana hao. Huonana nao kabla ya kuondoka, huwatembelea njiani, na huzungumza nao mara baada ya kumaliza, wangali na vumbi. Mwongozaji asiwajibie maswali. Kikosi kisichofikia masharti kwa sababu ya ugonjwa au hali ya hewa kinaweza kupangiwa safari nyingine ya kufuzu, na wazazi waelezwe hivyo mapema ili mtoto asirudi nyumbani kama aliyefeli mtihani.

Taarifa ya safari hutolewa na kikosi kizima, kwa maandishi, picha, michoro au masimulizi mbele ya shule. Iandaliwe ndani ya wiki mbili, kabla daftari halijapotea na kumbukumbu hazijachanganyika. Kila kijiji kilichowalaza kitumiwe nakala, pamoja na majibu ya yale waliyoyauliza kwa wazee. Kikosi kijacho kitapita huko huko, na mtendaji aliyepokea taarifa ya kwanza ataisoma barua ya pili kwa jicho tofauti. Mtathmini akishathibitisha, mwongozaji aingize matokeo kwenye kumbukumbu za Tuzo za kila kijana, arudishe ramani zikiwa na alama mpya za visima vinavyofanya kazi na vilivyokufa, na apange tarehe ya kukagua mahema kabla hayajaliwa na panya stoo.